Mzee anarudi nyumbani na kadi ya Medicare: Sehemu B aiache au aendelee kulipa?

Wazee wetu waliofanya kazi Marekani wakirudi Unguja au Pemba, wengi huja na ile kadi ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, yenye rangi nyekundu, nyeupe na buluu ndani ya pochi. Aitunze, ila familia nzima ijue mapema: hospitali ya Mnazi Mmoja haitambuliwi, ya Abdulla Mzee kule Mkoani haitambuliwi, na ukimvusha mgonjwa kwa boti hadi Dar es Salaam, huko nako haitambuliwi. Medicare hulipia matibabu yanayofanyika ndani ya majimbo 50 ya Marekani, Washington D.C., Puerto Rico, Guam na visiwa vingine vichache vilivyo chini ya nchi hiyo. Nje ya hapo kuna hali chache za nadra, hasa kwenye mipaka ya Kanada na Meksiko. Dawa iliyonunuliwa Darajani hairudishiwi hata senti.

Ndipo linapokuja swali ambalo watoto huulizana usiku baada ya mzee kulala: kwa nini akatwe dola 202.90 za Sehemu B kila mwezi kwa bima asiyoweza kuitumia hapa? Hizo ni dola 2,434.80 kwa mwaka. Swali lina msingi, lakini wanaolijibu haraka ndio wanaoumia baadaye.

Tuanze na Sehemu A, inayolipia kulazwa hospitali. Mzee aliyefanya kazi na kukatwa kodi kwa robo 40 za mwaka, yaani takriban miaka 10, anaipata bila malipo ya mwezi, na mke au mume anaweza kuipata kwa kazi ya mwenzake. Hiyo isiguswe. Haimgharimu chochote akiwa Wete au Makunduchi, na siku akirudi Marekani iko palepale. Akilazwa huko, kwa mwaka 2026 atalipa dola 1,736 za mwanzo kwa kila kipindi cha ugonjwa, kisha siku 60 za kwanza zinabebwa na bima. Angalia hapo: ni kwa kipindi, si kwa mwaka. Kipindi kinafungwa mgonjwa akimaliza siku 60 mfululizo bila kulazwa, kwa hiyo mtu anaweza kuzilipa hizo dola 1,736 zaidi ya mara moja ndani ya mwaka mmoja.

Mvutano uko kwenye Sehemu B, ambayo ni madaktari, vipimo, na matibabu ya mtu asiyelazwa. Mzee hulipa dola 283 za mwanzo kwa mwaka, halafu asilimia 20 ya kila kitu, na asilimia hiyo haina kikomo. Akiiacha kisha akataka kuirudia, anaongezewa asilimia 10 ya ada kwa kila miezi 12 kamili aliyokaa bila bima hiyo. Nyongeza hiyo haiishi mwakani. Anakwenda nayo maisha yake yote.

Sasa tupige hesabu. Chukua mzee aliyeacha Sehemu B akakaa Pemba miaka 8. Kwa ada ya leo ameokoa dola 19,478.40. Akirudi Marekani na kujiandikisha upya, anaongezewa asilimia 80, yaani dola 162.32, na ada yake inakuwa kama dola 365.20 kwa mwezi. Gawa alichookoa kwa kile anachoongezewa: miezi 120. Badilisha miaka 8 iwe 3 au 12, jibu ni lilelile, kwa sababu kila mwaka unaouacha unaokoa ada 12 na unakudai sehemu ya kumi ya ada kila mwezi. Maana yake mzee lazima aishi miaka 10 Marekani baada ya kurudi ndipo adhabu imalize pesa aliyoiokoa. Mzee wa miaka 78 anayerudi kwa watoto wake hana sababu ya kuiogopa sana adhabu hiyo. Tena kama kipato chake ni kidogo na jimbo likakubali kumlipia ada kupitia mpango wa Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) wa kusaidia gharama za Medicare, nyongeza yote inafutwa.

Kinachostahili kuogopwa ni kalenda. Aliyeacha Sehemu B hawezi kujiandikisha siku anayoshuka kwenye ndege. Dirisha lake ni tarehe 1 Januari hadi 31 Machi, na bima inaanza mwezi unaofuata ule aliojiandikisha. Mzee akipata kiharusi Chake Chake mwezi wa Machi, wakahangaika na safari, akafika Ohio mwanzoni mwa Aprili, dirisha limeshafungwa. Atasubiri hadi Januari, na bima itaanza Februari. Miezi 10 ya madaktari na vipimo vya Marekani bila Sehemu B inaweza kumeza akiba yote ya miaka 8 na nyumba juu yake. Na ndivyo wazee wanavyorudi kwa kawaida: hawarudi wakiwa wazima, wanarudishwa na maradhi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na nausimamia. Mwaka wa kwanza wa kurudi nyumbani, Sehemu B isiachwe hata kama mzee ameapa kwamba hatoki tena. Joto, umeme, upweke wa kuwa mbali na wajukuu, hayo yanajulikana baada ya masika moja na kaskazi moja. Mgonjwa wa saratani, wa moyo aliyewekewa kifaa, au anayesafishwa figo asiiache kabisa. Anayekwenda na kurudi kila baada ya miezi michache vilevile. Anayeweza kuiacha ni mzee mwenye afya ya kadiri, mwenye nyumba na watu wake hapa, na ambaye familia imekubaliana wazi kwamba hata akiugua sana atatibiwa hapahapa au Dar es Salaam. Kama makubaliano hayo hayajafanyika, basi uamuzi haujafanyika, hata kama fomu imeshajazwa.

Fomu yenyewe ni CMS-1763, na inapelekwa Social Security, idara ya pensheni ya serikali ya Marekani. Inatakiwa iandikwe kwa makusudi, maana kuacha tu kulipa ni njia mbaya: barua za madai zitakwenda kwenye anuani ya zamani. Bima hufungwa mwisho wa mwezi unaofuata ule ombi lilipopokelewa, kwa hiyo akiomba Juni, ada ya Julai bado hukatwa. Mwenye bima ya ziada ya Medigap ajue kwamba bila Sehemu B hiyo nayo inakufa, na akiirudia baadaye, kampuni katika majimbo mengi inaweza kumuuliza maradhi yake na kumkataa. Sehemu D ya dawa na mipango ya Medicare Advantage, yaani Medicare inayotolewa na kampuni binafsi, humtaka mtu aishi kwenye eneo la mpango. Kwa Advantage, akitoka eneo hilo zaidi ya miezi sita kwa kawaida huondolewa. Afadhali Sehemu D haina ukali kama wa B: miaka aliyoishi nje ya Marekani haihesabiwi adhabu, mradi akirudi ajiandikishe ndani ya miezi miwili aliyopewa.

Kuna karatasi moja ambayo imeangusha wengi. Anayelipwa pensheni ya Social Security akiwa nje hutumiwa fomu SSA-7162 kuulizwa kama yuko hai, yuko wapi, ameoa au ameachika. Isiporudishwa, malipo husimamishwa. Na kwa kuwa ada ya Sehemu B hukatwa kwenye malipo hayohayo, pensheni ikisimama na bima inaingia kwenye madeni. Barua inayosafiri hadi sanduku la posta la skuli ya jirani inachelewa au inapotea. Mwambieni Social Security anuani ya kweli mzee anapoishi, na mumpe mtu mmoja mwenye funguo za sanduku kazi ya kuifuatilia. Asiye raia wa Marekani aulize kabla ya kuondoka kama malipo yake yataendelea akipitisha miezi sita nje, kwani hapo uraia unahesabika.

Kwa mzee anayekuja kutembea tu, kula Idi na kurudi, mambo ni mepesi. Medigap za herufi C, D, F, G, M na N hulipia dharura nje ya Marekani katika siku 60 za kwanza za safari: dola 250 za mwanzo ni zake, kisha bima hulipa asilimia 80, na jumla ya maisha ni dola 50,000. Akitibiwa hapa, aombe hesabu yenye mchanganuo: tarehe, ugonjwa, kila kipimo na bei yake, na muhuri wa hospitali. Risiti ya jumla ya mstari mmoja hukataliwa. Dawa achukue za miezi mitatu kabla ya kupanda ndege, na aliombe duka lake la dawa mapema, si siku ya safari. Na kama anaingia kwa paspoti ya Marekani, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inamtaka mgeni bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44, ya siku 92. Hiyo ni ya dharura za mgeni tu. Haichukui nafasi ya Medicare, kama vile Pensheni Jamii ya wazee wa miaka 70 na zaidi si bima ya afya.

Upande wa pili ni mama anayechukuliwa na mtoto kwenda Marekani kwa grinikadi. Watu hudhani akishafikisha miaka 65 kadi inakuja. Haiji. Kama hana robo 40 zake wala za mume, anatakiwa awe ameishi Marekani miaka 5 mfululizo akiwa mkaazi wa kudumu, ndipo aruhusiwe kununua. Sehemu A kamili ni dola 565 kwa mwezi, na ukijumlisha B inafika dola 767.90. Anaweza kuchukua B peke yake, na familia nyingi hufanya hivyo. Dirisha lake la miezi saba huzunguka mwezi anaotimiza miaka hiyo 5, si siku yake ya kuzaliwa. Kumrudisha Pemba mwaka mzima katikati kunaweza kuivunja ile hesabu, na grinikadi yenyewe ikatiliwa shaka.

Kazi za kulea watoto au kupika aliyolipwa mkononi bila kodi hazimpi robo hata moja.

Mwisho, tarehe za kuzaliwa. Wazee wetu wengi paspoti zao zinasema 1 Januari, kwa sababu cheti hakikuwapo na mwandishi alihitaji tarehe. Medicare inamhesabu aliyezaliwa tarehe mosi kama amezaliwa mwezi uliotangulia. Kwa hiyo mwenye 1 Januari na robo zake 40 anastahili tangu Desemba, na dirisha lake linafunguka Septemba na kufungwa mwisho wa Machi. Anayeanza kuulizia Aprili amechelewa. Angalieni pia majina: paspoti ya hapa ina jina lake, la baba na la babu, na huko pengine mwajiri aliandika mawili tu. Robo zilizoandikwa kwa jina lisilolingana zinaweza zisionekane kwenye kumbukumbu yake, na kulisahihisha hilo ni rahisi mzee akiwa bado Marekani na karatasi zake za mshahara kuliko akiwa ameshafika Wete.