Siku moja Berlin: Kijerumani cha treni, cha mlangoni na cha msalani

Saa 10 alfajiri naamka. Niko mwaka wa kwanza wa mafunzo ya uuguzi, ni miaka 3, unasoma huku unafanya kazi, na leo zamu inaanza saa 12 kamili.

Saa 11 na dakika kumi niko U-Bahn, treni ya chini ya ardhi. Stesheni hazina geti, unaingia tu, ila tiketi ya karatasi inabidi uigonge kwanza kwenye kimashine, maana wapo wakaguzi wanaopanda na nguo za kawaida alafu ghafla unasikia "Die Fahrscheine, bitte", yaani tiketi tafadhali, ukiwa huna ni faini yuro 60. Na wakitangaza "Zurückbleiben, bitte", yaani bakini nyuma, usiukimbilie mlango jamani, ndo unajifunga.

Saa 12 niko kazini, makao ya wazee. Hapa ndo pana jambo langu. Darasani tulikariri "Wo ist die Toilette, bitte?", choo kiko wapi tafadhali, mpaka basi, lakini hawa wazee ninaowahudumia ni nadra kumsikia anataja Toilette. Wiki ya kwanza bibi mmoja aliniambia "Ich muss mal", neno kwa neno ni kama "sina budi kidogo", nikamwuliza huna budi nini bibi, akarudia, akarudia tena, mpaka haja ikamtoka palepale kitini. Akainamisha uso. Iliniuma, inaniuma hadi leo. Na mbona sisi ni hivyohivyo, nani anataja choo mbele za watu, tunasema naenda msalani, naenda kujisaidia, mtoto anasema "mama nimebanwa". Kijerumani nacho kina staha yake na kitabu chetu hakikutufundisha hiyo. Saivi nikisikia tu "muss mal" nimeshamshika mkono, "Kommen Sie, ich helfe Ihnen", njoo nikusaidie.

Saa 8 mchana natoka. Nimehama chumba, kwa hiyo lazima niandikishe anwani mpya ndani ya wiki 2, miadi yangu Bürgeramt, ofisi ya huduma kwa wakazi, ni "halb vier". Shika hii: halb vier ni saa 9 na nusu, sio saa 10 na nusu, wao wanahesabu nusu ya kuelekea saa inayokuja. Mlangoni pameandikwa ZIEHEN, vuta, ingekuwa DRÜCKEN ningesukuma. Nikasema "Ich habe einen Termin um halb vier", nikaambiwa "Nehmen Sie Platz", nikakaa kuangalia namba kwenye skrini.

Saa 11 jioni stesheni kubwa, choo cha kulipia, nina noti tu. "Entschuldigung, können Sie wechseln?" na dada wa kibanda cha mikate akanivunjia. Ujue hata neno letu hela limetoka kwenye Heller, sarafu ya Wajerumani enzi za ukoloni. Milangoni H ni wanaume, D ni wanawake, na kikisoma "besetzt" kuna mtu ndani, subiri.

Saa 3 usiku naandika daftari langu la maneno mapya. Neno la leo limetoka kwa mzee wa chumba cha mwisho kule kazini, aliniita kwa sauti ya chini akasema "Ich müsste mal verschwinden", yaani anataka kutoweka kidogo. Sikuwahi kulisikia, ila nilimwangalia usoni nikaelewa, tukafika kwa wakati. Nimeliandika chini ya lile la bibi, na daftari namwazima dada wa Kenya anayeanza kwetu Jumatatu.