Saa saba na nusu usiku, Kiruna

Usiku wangu wa kwanza Kiruna nilishtushwa na kitanda kinachotikisika. Vikombe viligongana kabatini, kioo cha dirisha kikalia, kisha kimya. Nikamwamsha mume wangu: tutoke nje, ni tetemeko! Akanijibu macho yamefumba, "Ni mgodi huo. Lala." Ilikuwa Novemba 2021, nje nyuzi 22 chini ya sifuri, na siku hiyo hiyo nilikuwa nimeshuka kwenye treni ya usiku kutoka Stockholm, safari ya saa kumi na tano hivi, baada ya kuiacha Kahama, kwetu Tanzania, na jua lake. Sikulala tena.

Kiruna iko kaskazini kabisa mwa Uswidi. Mji ulianzishwa mwaka 1900 kwa sababu ya mlima mmoja uliojaa chuma, Kiirunavaara, na leo chini ya mlima huo kuna mgodi wa chuma mkubwa kuliko yote ya chini ya ardhi duniani. Ngazi kuu ya kusafirishia mawe wanaiita 1,365, hizo ni mita za kwenda chini kutoka pale kilipokuwa kilele cha mlima. Mume wangu ni fundi wa mitambo, ndicho kilichotufikisha huko. Baruti hupigwa usiku, karibu saa saba na nusu, wachimbaji wakiwa wametolewa eneo la mlipuko, na mji mzima huisikia miguuni.

Watu wakiniuliza habari za Kiruna huanza na baridi. Baridi ina dawa. Nguo ya ndani iwe ya sufu, kamwe si pamba, maana pamba ikilowa jasho inakugandisha. Juu yake sweta, juu kabisa koti la kuzuia upepo. Viatu vinunuliwe vikubwa kidogo, vidole vipate nafasi ya kucheza, na chini vifungwe meno ya chuma ya kushika barafu. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, la sivyo chaji inakwisha ukiitazama. Gari nalo huchomekwa kwenye umeme ili injini ipate joto kabla ya kuwashwa.

Kilichonishinda ni giza. Kuanzia karibu tarehe 10 Desemba hadi siku za mwanzo za Januari jua halichomozi kabisa. Adhuhuri kunakuwa na mwanga wa bluu kwa saa chache, kama alfajiri iliyokataa kukua, halafu usiku unarudi. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa nalala mchana, naamka usiku, chakula sipiki, simu ya mama naiacha inaita kwa sababu angesikia sauti yangu ajue. Mume akirudi ananikuta pale pale kwenye kochi aliponiacha.

Aliyenitoa ni jirani yetu, bibi mmoja ambaye marehemu mumewe alichimba mgodini miaka mingi. Aligonga mlango saa tano na nusu asubuhi, akaniambia kwa ishara na Kiswidi cha polepole: vaa. Tukatembea nusu saa kwenye ule mwanga wa bluu, yeye akisukuma kigari cha kuteleza wanachokiita spark, mimi nikimfuata. Kesho yake akaja tena. Hakuniuliza kama nimelala vizuri wala kama najisikia kutoka. Kufikia Februari nilikuwa naamka mwenyewe kabla hajagonga. Daktari aliniongezea vitamini D, nikaanza darasa la lugha, baadaye nikapata kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Lakini naapa, zile nusu saa ndizo zilizonirudisha.

Wakati huo mji wenyewe ulikuwa unahama. Mwamba wa chuma umelala mshazari kuelekea chini ya makazi, na kadiri wanavyochimba ndivyo ardhi ya juu inavyopasuka na kudidimia. Septemba 2022 kitovu kipya cha mji kilizinduliwa kilomita tatu hivi mashariki. Jengo letu lilikuwa upande wa zamani. Tulihama, baadaye likazungushiwa uzio, likabomolewa. Nilisimama kutazama dirisha la jikoni likianguka, na nikaumia kuliko nilivyotegemea.

Mama alikuja Juni 2025 kwa viza ya siku 90. Majira hayo jua halizami, tangu mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai. Jioni ya kwanza alinawa, akatandika mswala, akasubiri.
"Mwanangu, Magharibi inaingia saa ngapi huku?"
"Mama, jua halitazama leo. Wala kesho."
Alinitazama kama mtu anayedanganywa. Nikamweleza kwamba sisi wachache tuliopo kwenye nyumba yetu huku tunafuata nyakati za Stockholm, ambako jua linazama. Akatafakari, akasema, "Mungu hakuumba uzito," akafuata ratiba. Nilimfungia mapazia mazito ili alale.

Na usiku huo, saa saba na nusu, kitanda kikatikisika. Nilikimbilia chumbani kwake kumtuliza. Nikamkuta amekaa, hana wasiwasi wowote. "Wamepiga baruti," akasema. Baba yangu alichimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, miaka yote ya utoto wangu; mama alishapika, akalea na kusubiri juu ya milipuko ya namna hiyo. "Huwa wanatoka wote kabla?" akauliza. Nikamwambia wote. "Basi vizuri," akajilaza.

Tarehe 19 na 20 Agosti tulisimama barabarani na maelfu ya watu kutazama kanisa la mbao la mwaka 1912, tani 672, likisafirishwa zima zima kilomita tano kwenye magari yenye magurudumu mengi, polepole kuliko mtu anayetembea. Mama alishika mkono wa yule jirani yangu, aliyekuwa akilia. Hawakuwa na lugha moja ya kuzungumza.

Sasa mama yuko Kahama. Majira ya baridi tunapishana saa mbili, kwa hiyo baruti yetu inamkuta akiwa ameamka kwa sala ya usiku. Mara nyingine simu inaita kitanda bado kinatikisika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wametoka wote?"