Siku tatu za Osaka

Fomu ya viza ya Japani ina karatasi yake ya ratiba: tarehe, utafanya nini siku hiyo, utapatikana kwa simu gani, utalala wapi. Mstari mmoja kwa kila siku. Nimeikodolea macho tangu juzi usiku. Nauli nimeshaweka akiba, likizo ya Novemba nimepewa, lakini karatasi hii ndiyo iliyonikalisha chini nijiulize hasa nakwenda kutafuta nini.

Namfuata mdogo wangu. Yuko Kobe, mwaka wake wa mwisho wa masomo, na sijamtia machoni tangu aondoke. Mstari wa Ijumaa niliujaza bila kusita: tutaswali pamoja Msikiti wa Kobe. Ulijengwa mwaka 1935, ukasalimika mabomu ya 1945, ukasalimika na tetemeko la Januari 1995 lililoangusha majengo kwa maelfu mjini humo. Nimeziangalia picha zake mara nyingi, na kila mara nayaona mabega ya mdogo wangu kwenye safu.

Kuanzia Jumatatu hadi Jumatano yeye atakuwa maabara, nami nitakuwa peke yangu Osaka, mwendo wa treni usiofika nusu saa. Mistari hiyo mitatu ndiyo iliyonisumbua. Mara ya kwanza niliandika Kyoto asubuhi, Nara mchana, Osaka usiku. Nikampigia picha, nikamtumia. Akajibu: "Dada, hapo utaona stesheni tu." Nikafuta Kyoto. Iliniuma, maana nani ajuaye kama nitarudi tena upande ule wa dunia. Lakini mji ni kama mgeni wako, ukimkaribisha pamoja na wengine watano huongei naye.

Basi Jumatatu ni Ngome ya Osaka. Mbabe wa vita Toyotomi Hideyoshi alianza kuijenga mwaka 1583, ikaanguka 1615 mikononi mwa akina Tokugawa, ukoo hasimu, ikajengwa upya, radi ikauteketeza mnara wake 1665. Mnara unaoonekana leo ni wa zege, wa mwaka 1931, uliojengwa kwa michango ya wakazi wa mji. Wapo wanaoubeza kwa sababu ya zege na lifti yake. Mimi unanigusa zaidi kwa hiyo michango: watu waliishi karibu miaka 270 na pengo pale juu, kisha wakatoa fedha zao kuliziba.

Ila ninachokitamani zaidi kipo chini, kwenye ukuta wa lango la Sakura. Kuna jiwe moja linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 108, lililoletwa kwa njia ya bahari. Wanaliita Jiwe la Pweza, kwa sababu pembeni kuna doa linalofanana na kichwa cha pweza. Nimekulia Tanga, nikiwaona wavuvi wakimpiga pweza mwambani mpaka alainike. Niliposoma jina la jiwe lile nilicheka peke yangu jikoni.

Na pweza ananifuata hadi Jumanne. Siku hiyo nitatembea kwa miguu barabara ya Midosuji, kilomita kama nne, chini ya miti ya ginkgo ambayo mwezi wa Novemba majani yake hugeuka manjano. Jioni nitateremkia Dotonbori, penye mfereji uliokamilika mwaka ule ule wa 1615 ngome ilipoanguka. Hapo ndipo penye takoyaki. Mdogo wangu alinitumia video: chuma kizito chenye vishimo, uji wa ngano ukimiminwa, kipande cha pweza kikidondoshwa katikati ya kila kishimo, kisha mpishi anazigeuza moja moja kwa kijiti chenye ncha mpaka ziwe duara kamili. Nilimwonyesha mama. Akatazama kimya, halafu akasema, "Si vitumbua hivyo?" Na kweli, mkono ulikuwa ule ule, hata kule kuzungusha kidogo kabla ya kugeuza. Pweza wengi wanaoliwa Japani hutoka Mauritania na Morocco, kwa hiyo huenda atakuwa ametoka bara hili hili kabla yangu. Itabidi niulize kuhusu mchuzi, kwani mirin, kileo chao cha mchele, huingia kwenye michuzi mingi.

Jumatano nimeiachia Shitennoji, hekalu lililoanzishwa mwaka 593, na mchana mtupu. Nimeandika hivyo hivyo: "kutembea mjini". Mdogo wangu ameniasa jambo moja tu: kwenye ngazi za umeme za Osaka watu husimama kulia, Tokyo kushoto.

Mama amenipa saa ya babu niende nayo, Seiko ya zamani yenye mkanda wa chuma. Babu aliitegea Kiswahili maisha yake yote: jua likichomoza, saa kumi na mbili. Nilitaka kuibadilisha, nikasita, nikahesabu kwanza. Japani wametutangulia saa sita, na wao huhesabu kama Wazungu. Hapa sasa ni saa nne na robo usiku, na mishale ya babu inasema nne na robo. Osaka ni alfajiri, na saa ya ukutani kwa mdogo wangu inasema nne na robo pia.

Sitaigusa.