Desemba za Marangu

Desemba ya 2019 treni ya abiria ilirudi kati ya Dar es Salaam na Moshi, baada ya zaidi ya miaka 20. Tukaipanda. Mwanangu alikuwa na miaka 13, na usiku kucha aligombea dirisha na wadogo zake, ingawa nje palikuwa giza tupu. Kulipopambazuka tuko upande wa Upare, alikuwa amelala fofofo.

Kule Marangu, kijijini kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, babu yake alimpa panga akakate majani ya ng'ombe. Alirudi na kamzigo kadogo, shingo inamwasha, akaapa harudii tena. Bibi akamtuliza kwa bakuli la mtori, supu ya ndizi na nyama.

Miaka iliyofuata tulikwenda kwa gari, kupitia Chalinze na Segera, katikati ya msururu wa watu wa Kilimanjaro wanaorudi kula Krismasi nyumbani. Yeye masikio kayaziba kwa muziki. Mashamba ya mkonge ya Korogwe yakapita, Milima ya Usambara ikapita, hata Mombo hakushuka kujinyoosha. Ukimuuliza kitu, anaitikia kwa mabega. Iliniuma sana, maana safari ndiyo nafasi yetu pekee ya kukaa pamoja mchana kutwa.

Lakini kule kihambani, shamba la ukoo la migomba na kahawa, aliamka kabla yangu. Zamu ya maji ikifika, alishuka na babu hadi kwenye mfongo, ule mfereji wa asili unaoleta maji kutoka mlimani. Alijifunza kuuziba kwa udongo na vigogo vya migomba, maji yageukie kwenye kahawa, na kuufungua saa ya jirani ikiwadia. Babu hakuvumilia anayeiba hata dakika za mwenzake. Nadhani huko ndiko kijana wangu alikopata adabu ambayo mimi nilishindwa kumpa kwa maneno.

Desemba ya 2024 aliendesha gari kutoka Same hadi Njia Panda ya Himo, leseni yake ikiwa mpya. Baba yake alisinzia, mimi sikufumba jicho. Siku ya kuchinja mbuzi, wazee walimwachia kisu.

Tulipofunga mizigo kurudi Dar, akasema, "Mama, nyinyi tangulieni. Miguu ya Babu haifiki tena mferejini, na zamu yetu ni Jumanne."

Nikamwachia nauli ya basi na sweta la baba yake. Nililia hadi Himo, kwa furaha.