Jirani hakuniuliza kama mbwa wangu anauma

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa na jibu moja kwa kila jirani aliyeshtuka akimwona Simba: "Usiogope, haumi." Na ilikuwa kweli. Simba ni chotara mkubwa, masikio wima, na hajawahi kumng'ata mtu. Nilimchukua akiwa mdogo baada ya wezi kuvunja nyumba yangu. Jioni nikitoka kazini nilimfungulia mlango akazunguke ua peke yake, huku mimi nikivua viatu na kutafuta chai.

Ua wenyewe si wangu. Tuko mtaa wa South C, Nairobi, nyumba kumi na nne zinazotazamana, geti moja, askari mmoja, na katikati kipande cha nyasi ambapo watoto hucheza mpira na nguo huanikwa. Kila mtu anakilipia.

Jioni moja mzee wa namba tisa alikuwa anatoka kwenda msikitini kuswali magharibi. Kanzu nyeupe, imepigwa pasi mpaka mistari ya mikono inaonekana. Simba akamkimbilia kwa furaha, mkia unapiga huku na huku, akamsugua pua mbichi pajani. Pakabaki alama ya ute, kubwa kama kiganja. Nami kutoka mlangoni nikasema yaleyale: "Haumi, mzee."

Akanitazama. "Mwanangu, sikukuuliza kama anauma."

Akageuka, akarudi ndani. Adhana ilikuwa imeshaanza.

Usiku huo kikundi chetu cha WhatsApp kiliwaka moto. Ndipo nilipojua kwamba binti wa namba nne, mwenye miaka minane, alishawahi kumkimbia Simba akapanda juu ya boneti ya gari, akateleza na kuchubuka magoti yote mawili. Hakuna aliyeniambia. Mwenyekiti akatuma ukurasa wa sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 kuhusu udhibiti na ustawi wa mbwa. Mtu mwingine akaandika kwamba sumu ya panya haina bei. Niliandika jibu refu la hasira, nikalisoma, kisha nikalifuta. Nashukuru mpaka leo kwamba nililifuta.

Jumamosi asubuhi nilipiga hodi namba tisa. Mzee akanikaribisha barazani, mkewe akaleta chai ya tangawizi. Nikaomba radhi. Akanieleza bila kupandisha sauti: wao ni wafuasi wa madhehebu ya Shafi, kama Waislamu wengi wa pwani, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito. Panapoguswa huoshwa mara saba, na moja ya hizo iwe kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Jioni ile alichota udongo kwenye chungu cha maua cha mkewe, akaiosha kanzu chooni, na sala ya jamaa ikampita.

"Simchukii kiumbe wa Mungu," akasema. "Kwetu Lamu tumezoea paka tu. Mimi ninachotaka ni kupita."

Kupita. Miaka miwili nilikuwa namtetea Simba kwa shtaka ambalo mzee huyu hakuwahi kumshtaki.

Namba nne mambo yalikuwa mafupi na makali zaidi. Mama wa yule binti hakuniketisha. Aliniuliza jambo moja: "Kadi ya chanjo iko wapi?" Nikaenda kuitafuta kabatini. Chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo daktari alinipangia kila mwaka, ilikuwa imepitwa na miezi mitano. Nilikaa kitandani na kadi mkononi, nimeishiwa nguvu. Karibu visa vyote vya binadamu kuambukizwa ugonjwa huu hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza, mgonjwa ni nadra sana kupona. Mtu aking'atwa anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali aanze sindano siku hiyohiyo. Kenya imejiwekea lengo la kuvikomesha vifo hivi kufikia mwaka 2030, na mimi niliye na kipato na daktari wa mifugo jirani nilikuwa nimesahau. Jumatatu Simba alichanjwa. Picha ya kadi ndiyo ujumbe pekee niliotuma kwenye kikundi.

Kisha ikaja kazi yenyewe. Nilinunua kamba ya mita moja na nusu, imara, na tangu siku hiyo Simba havuki kizingiti bila kufungwa, hata saa ambayo ua mzima umelala. Wiki mbili za kwanza alivuta mpaka mkono ukaniuma. Nilikuwa nikitembea na dagaa wa omena mfukoni: akilegeza kamba anapata mmoja, akivuta nasimama kimya mpaka atulie. Kinyesi chake nakizoa kwa gazeti na koleo dogo la bustani, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017.

Saa za kutoka tulipanga na mzee. Nairobi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo jua huzama ndani ya nusu saa ileile mwaka mzima. Basi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja jioni Simba yuko ndani. Alfajiri namtoa mzee akisharudi kutoka msikitini. Tukikutana getini, namketisha pembeni, hatua tatu kutoka njiani, mzee apite.

Watoto niliwakusanya Jumapili moja, wazazi wao wakiwepo. Niliwafundisha kwamba mbwa akiwajia wasimame kama mti, mikono kifuani, wasimkazie macho, wasikimbie. Binti wa namba nne alisimama nyuma kabisa. Sikumwita aje amshike. Hakuwa na deni hilo kwangu.

Yule aliyeandika kuhusu sumu sijamjua, na hilo bado linaniuma. Bakuli la maji la Simba naliingiza ndani kila usiku.

Mwezi uliopita familia mpya ilihamia namba kumi na mbili na mbwa mdogo mweupe. Jioni ya pili akatoka mbio, akaenda moja kwa moja kwa mama wa namba nne aliyekuwa anaanua nguo. Mwenyewe akapaza sauti kutoka dirishani: "Usijali dada, huyo hana shida!" Nikaingia ndani, nikachukua kamba yangu ya akiba, nikavuka nyasi kwenda kumpigia hodi.