Nimechagua GPS ya vibonyezo, sababu ni Pugu

Wiki mbili nzima nasoma habari za GPS za mkononi, na hii ishu naichukulia siriasi kwa sababu mwezi wa nne mvua ilitukuta msituni Pugu, mi na binamu yangu na mtoto wa dada, miaka 12, njia zote zikageuka vijito na simu ndo ilikuwa ramani yetu. Skrini ikishalowa inajibonyeza yenyewe, unaifuta kwa fulana nayo fulana imelowa, ramani inaruka tu huku na huku, mara chaji nayo ikakata. Tulitokea barabara ya Kisarawe saa mbili usiku, mtoto anatetemeka.

Kwa hiyo cha kwanza nilichokataa ni skrini ya kugusa. Nikabaki na mbili, Garmin eTrex 22x na 32x, zote za vibonyezo na zote zinatumia betri mbili za AA, zile ambazo hata kwa Mangi zipo, na kampuni inasema zinaenda masaa 25.

Tofauti yao wengi wanaipita juu juu. 22x ukisimama haijui umeelekea wapi, mpaka upige hatua kadhaa ndo mshale unakaa sawa, ila 32x ina dira humohumo, unajizungusha chini ya mti na mshale unazunguka na wewe. Sasa mtu akipotea si anasimama kwanza? Nimechukua 32x.

Ramani, angalia kifaa kinatoka wapi, cha Ulaya kinakuja na ramani ya Ulaya, ya Tanzania nimedaunlodi bure ya OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni wanayoichora watu wa kujitolea, nikaiweka kwenye memori kadi.

Na hili naomba mlishike jamani: zile ramani za zamani za serikali za 1:50,000 zimechorwa kwa Arc 1960, yaani mfumo wa zamani wa kuhesabia namba za mahali, wakati GPS inakuja imesetiwa WGS 84, mfumo wa dunia nzima, usipobadilisha kwenye menyu pointi inahama kama mita 300 hivi. Rafiki yangu mpima ardhi ndo alinionyesha, tumesimama juu ya daraja kabisa, tukasoma namba za kifaa tukazitafuta kwenye karatasi, zikatupeleka shambani kwa watu. Tulipoweka Arc 1960 zikaangukia darajani palepale.

Pia chagua aina ya betri kwenye setingi, alkalaini au za kuchaji, la sivyo kipimo cha chaji kinakudanganya. Jumamosi tunarudi Pugu, na safari hii kifaa anashika mtoto.