Jumatatu ya Kwenda Muheza

Daktari aliponiruhusu kusafiri baada ya kupandikizwa figo nilimuuliza kitu kimoja tu: naweza kuondoka Jumatatu? Alitazama tena karatasi ya vipimo. Kriatinini, ile taka ya damu inayoonyesha figo inachuja vipi, ilikuwa imetulia kwa wiki kadhaa, na kiwango cha dawa kwenye damu kilikuwa pale walipokitaka. Akasema siku yoyote ni sawa, ilimradi nisiruke vidonge na nirudi kliniki tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Mtu aliyewahi kuishi kwa mashine ya kusafisha damu ataelewa swali langu. Zamu yangu ya kusafishwa damu ilikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kila zamu ni saa nne kitandani, sindano mbili nene mkononi, damu inatoka huku, inachujwa, inarudi kule. Jumanne na Alhamisi ni za kulala na kuokota nguvu. Jumamosi unakuwa mtu kidogo. Jumapili miguu inaanza kuvimba na pumzi inakuwa nzito, kwa sababu maji hayana pa kutokea, na Jumatatu alfajiri unatafuta daladala tena. Kwetu ni Muheza, safari ya nusu siku kutoka Dar es Salaam, lakini miaka ile yote sikuweza kulala kwetu zaidi ya usiku mmoja. Baba alipofariki nilikwenda Jumamosi nikageuza Jumapili. Uso ulikuwa umevimba hadi watu msibani wakadhani ni kilio. Matanga yakaanuliwa sipo, nimelala kwenye mashine mjini, na nilimlilia baba huko huko huku nesi akinipima presha.

Safari ninayoisimulia ilikuwa Julai 2019. Mapema mwaka huo nilikuwa nimepandikizwa figo Muhimbili. Hospitali hiyo ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Novemba 2017, ikisaidiana na madaktari kutoka India. Kabla ya hapo mgonjwa wa Kitanzania aliyetaka figo ilimbidi apande ndege, na familia kama yetu ingeuza shamba lote na bado fedha zisingetosha. Nakumbuka habari ile ilipotangazwa. Tulikuwa tumelala kwenye mashine, televisheni imewashwa ukutani, na mzee aliyekuwa kitanda cha jirani yangu akanyanyua mkono wake usio na sindano, akasema, "Haya, sasa tusife." Alikuwa akituambia kila siku kwamba akipata figo atakunywa maji ya mtungi, kata nzima, bila kupumua. Watoto wake walipimwa. Mmoja kundi la damu halikuoana na lake, mwingine akakutwa na sukari. Alifariki mwaka uliofuata. Sijui kuisimulia furaha yangu bila kumtaja yeye.

Mimi aliyenipa figo ni mdogo wangu wa kiume, anayenifuata mara mbili. Vipimo vilichukua miezi: damu, tishu, moyo, sukari, virusi, picha za tumbo. Ofisa ustawi wa jamii alimkalisha peke yake akamuuliza kama kuna mtu anamshurutisha. Alijibu kwamba anayemshurutisha ni mama yake aliyemzaa tumbo moja na mimi. Wakalazimika kumuuliza upya, kwa upole, mpaka wakaridhika kwamba uamuzi ni wake mwenyewe. Figo yake sasa iko upande wangu wa kulia, chini ya tumbo, karibu na nyonga. Zile zangu mbili hazikuondolewa, zimebaki mgongoni zimesinyaa. Nilipozinduka baada ya upasuaji, nesi aliinama kwenye mfuko wa mkojo uliokuwa ukining'inia kitandani, akauangalia, akaniambia, "Mama, figo inakojoa." Nililia hadi mshono ukaniuma.

Basi, Jumatatu.

Tulikuwa Ubungo kabla ya alfajiri, mimi na mdogo wangu huyo huyo. Daktari alikuwa amenikataza kubeba vizito, kwa hiyo begi lote lilikuwa begani kwake. Mimi nilibeba mkoba wenye mambo matatu tu: vidonge, khanga, na chupa kubwa ya maji niliyoyachemsha usiku. Nilikuwa nimevaa barakoa. Korona ilikuwa bado haijaja, hivyo watu walinitazama kwa hofu, na abiria mmoja akahama kiti akidhani nina kifua kikuu. Sikumlaumu. Dawa ninazokunywa zinaishusha kinga ya mwili makusudi ili mwili usiikatae figo ya mwenzangu, na ndani ya basi lenye watu sitini wanaokohoa, mwenye kuhitaji kujilinda nilikuwa mimi.

Saa mbili kamili asubuhi simu ikalia. Tulikuwa tunakaribia Chalinze. Vidonge vyangu ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, bila kusogeza. Nikavitoa, nikafungua chupa, nikanywa. Nikaendelea kunywa.

Kwa aliye mzima, kunywa maji si habari. Kwenye mashine nilipewa nusu lita kwa siku, na ndani ya nusu lita hiyo kulikuwa na chai, uji, mchuzi na maji ya kumezea vidonge. Nilikuwa na kikombe changu cha plastiki nilichokitia alama kwa kalamu. Nilisukutua mdomo nikatema, nikafyonza vipande vya barafu, nikalala nikaota mito. Kiu ile haizoeleki, anayesema unaizoea hajaipata. Baada ya upandikizaji mambo yakapinduka: daktari aliniamuru nifikishe lita tatu kwa siku, figo mpya inataka maji. Wiki za kwanza nilikunywa kwa woga, kila glasi nikiangalia miguu kama inavimba. Lakini pale kwenye basi, jua limeshachomoza na mikono yangu ikitetemeka kidogo (kutetemeka ni kwa ajili ya dawa), nilikunywa kwa sababu nilikuwa na kiu tu. Mdogo wangu akanitazama, akacheka. "Dada, taratibu. Barabara bado ndefu."

Alikuwa na haki. Tulivuka Wami kwenye lile daraja la zamani, jembamba, la magari kupita kwa zamu, na tulipoanza kupanda upande wa pili nikasikia haja ndogo. Kibofu kilichokaa miaka bila kazi husinyaa, hakibebi mengi, na cha kwangu kilikuwa bado kinajifunza. Nikabana. Nikahesabu vijiji. Dereva alikuwa kwenye mwendo wake, na kila tuta tulilolipita lilinikumbusha chupa yangu.

Nikamwita konda. "Mwanangu, naomba mtusimamishie tuchimbe dawa."

"Vumilia kidogo mama, tunasimama Segera."

Segera! Mama mmoja mtu mzima aliyekaa mbele yangu, amejitanda ushungi, akageuka akanitazama, kisha akamgeukia konda. "We kijana, angekuwa mama yako ungemwambia avumilie hadi Segera? Simamisha gari." Sauti nyingine zikadakia nyuma, kumbe si mimi peke yangu. Dereva akapunguza mwendo, akaegesha pembeni penye nyasi ndefu. Wanaume wakavuka barabara, sisi akina mama tukashika upande wetu. Yule mama akanifuata, akachukua khanga yangu mkononi bila kuniuliza, akaikunjua akanisitiri.

Nilichuchumaa kwenye nyasi za Wilaya ya Handeni nikakojoa. Kwa miaka kadhaa mwili wangu haukuwa umetoa zaidi ya matone. Kila kilichotakiwa kutoka kilitolewa na mashine, kwa zamu, kwa sindano, na nesi ndiye aliyeniambia zimetoka lita ngapi. Hospitalini baada ya upasuaji kulikuwa na mrija, halafu kukawa na jagi la kupimia, kila tone linaandikwa. Huku porini hakukuwa na wa kuandika. Nilikuwa abiria wa basi la Tanga aliyebanwa na mkojo, kama mwenzangu wa kulia na mwenzangu wa kushoto. Nikaanza kulia, na kicheko kikaja humo humo, siwezi kuvitenganisha hata leo.

"Unaumwa, mwanangu?" yule mama akauliza, uso ameugeuzia pembeni kwa heshima.

"Hapana, mama. Nimepona."

"Alhamdulillahi. Basi maliza twende, gari litatuacha."

Daktari wangu angenisahihisha neno lile. Kupandikizwa si kupona. Ni matibabu ya maisha, na figo hii nayo ina umri wake. Nayajua hayo na nayaheshimu, sijawahi kuruka dozi. Lakini jibu nililompa mama yule siku ile nalisimamia.

Muheza tulifika msimu wa machungwa umekolea. Basi lilipopunguza mwendo tu, vijana wakalizunguka, ndoo kichwani, machungwa yaliyokwisha menywa yamepangwa yanang'aa, mengine kwenye nyavu. Nimezaliwa kwenye michungwa, na kwa miaka yote ya mashine chungwa lilikuwa sumu kwangu. Lina potasiamu, na figo zikishindwa kuitoa hujikusanya kwenye damu na inaweza kuusimamisha moyo. Chungwa, ndizi, dafu, mchicha, nyanya, vyote nilivitazama kwa macho. Mama aliponitumia gunia la machungwa kwa mazoea, niliwagawia majirani, nikabaki nanusa mikono.

Sasa nilinunua wavu mzima. Sikununua yaliyomenywa, kwa sababu ya kinga yangu ndogo: kisu cha barabarani sikijui kimepita wapi. Yule kijana akanichomekea na balungi moja la zawadi, nikalirudisha. Balungi huchanganyikana vibaya na dawa yangu, hupandisha kiwango chake kwenye damu. Akashangaa mteja anayekataa cha bure.

Nyumbani tulifika mama akiwa uani. Alikuja mbio kwa miguu yake ile ya kuumwa magoti, akampita mdogo wangu, akanishika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kushoto na kulia akitafuta uvimbe. Hakuuona. Ndipo akamrudia mwanawe, akampandisha shati mbele ya wajukuu wote, akakagua kovu lake. Alikuwa ametulia vizuri, anafanya kazi zake na figo moja kama kawaida. Mama akatukalisha wote wawili kwenye mkeka, akaleta kata ya maji kutoka mtungini. "Nimeyachemsha jana," akasema kabla sijauliza, "kama ulivyonielekeza kwenye simu."

Niliinywa kata ile yote bila kupumua. Nilimwambia mama ni ya yule mzee, nikamsimulia. Akanyamaza, kisha akamwombea.

Siku mbili za kwanza nilikuwa mgonjwa mtukufu. Nikisimama, kiti kinaletwa. Nikigusa ufagio, unanyang'anywa. Wajukuu walikatazwa kunikaribia na mafua yao, jambo ambalo lilikuwa sahihi, lakini walikatazwa hata kucheka karibu yangu. Mama alinipikia wali wa nazi na samaki, na kila nilipoongeza kijiko alikuwa ananitazama mdomoni. Usiku alikuja mara mbili na tochi kusikiliza kama napumua. Nilimwelewa. Alikuwa ameniona nikizikwa mara nyingi sana kichwani mwake.

Alhamisi asubuhi, tumekaa tunachambua mchicha, nilishtuka kwamba jana yake ilikuwa Jumatano, na Jumatano hiyo ilikuwa imepita nikiwa shambani chini ya mchungwa, nimevaa kofia pana, namenya chungwa baada ya chungwa na kugombana na mdogo wangu kuhusu mpaka wa shamba na mjomba. Sikuwa nimeikumbuka mashine hata mara moja kutwa nzima. Nilimwambia mama. Sijui ni nini kilichobadilika kwake aliposikia hivyo. Aliendelea kuchambua, akaokota jani bovu akalitupa, halafu akasema bila kuninyanyulia macho:

"Chumvi imekwisha. Chukua hela chini ya mto wangu, nenda dukani. Na kiberiti."

Wajukuu wakageuka kumtazama. Mmoja akasimama, "Nitaenda mimi, bibi, mama mkubwa anaumwa."

"Kaa chini. Nimemtuma yeye."

Nilikuwa sijatumwa dukani kwa miaka. Nilijifunga khanga, nikavaa kofia yangu, nikashika njia. Kila nyumba niliyoipita nilisalimia, na kila niliyemsalimia alitaka kuhakikisha kwamba ni mimi kweli, alitaka kuambiwa figo inawekwaje, na mdogo wangu anaishije na moja, na kama ni kweli wanafanya hapa hapa nchini. Nilisimama, nikaeleza. Kwa shangazi nikapewa chai, nikainywa yote. Dukani nikakuta foleni ya watoto, nikasubiri zamu yangu, nikanunua chumvi na kiberiti.

Niliporudi mboga ilikuwa imeshapoa mekoni na mama amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Ulikwenda kuichota baharini hiyo chumvi? Haya, koroga mboga hiyo, halafu uje unitwangie nazi."

"Kutwanga bado nimekatazwa, mama."

"Basi koroga."